Santuri Imemzika Baba Angali Hai

Mpendwa Bi Zena,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla maharage hayajavunwa, kwa sababu maharage yakishavunwa naolewa, na mpaka leo hii hakuna anayejua ni nani atakayesimama kwa upande wetu mbele ya wakwe, baba yangu mzazi au gramafoni ya Hilali. Najua ukifika hapa utacheka. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Naitwa Immakulata, nakaa Heru Juu, karibu na Kasulu, na jina langu usilifiche gazetini kama mnavyofanya kwa wengine, maana huku kwetu habari hii wanaijua mpaka wachunga mbuzi, sasa kulificha ni kujisumbua bure. Nina baba, mzee Pasikali, nina mama, na nina kaka mmoja tu anayeitwa Venanti, na huyo Venanti ndiye aliyetoa santuri iliyotuletea haya yote.

Nasikia wewe ni mtu wa Ujiji, kwa hiyo huenda jambo hili la kwetu hulijui, nalo usipolijua barua yangu haitakuingia. Katika ukoo wetu mwanamume aliyekomaa ana maneno yake ya kujisifu, tunasema kwivuga, anayatunga mwenyewe tangu ujana na kuyaongeza kadiri anavyoishi, ng'ombe aliowapata, mto aliouvuka, watu aliowashinda, na kwenye harusi anasimama na fimbo yake anayasema kwa kasi bila kupumua, kisha mzee wa upande wa pili anasimama naye, anamjibu kwa ya kwake, wanapokezana hivyo mpaka akina mama wanapiga vigelegele na kila upande unajua kwamba umekutana na watu. Maneno hayo ni ya mtu kama fimbo yake ilivyo yake, hayaguswi na mwingine. Siku akifa, ndipo mtoto wake wa kwanza wa kiume anasimama penye kaburi na kuyasema yote, naye anasema "mimi, mimi", kama kwamba ndiye aliyeyatenda, na kuanzia hapo yanakuwa yake. Kwa hiyo mtu akipita njiani akamsikia kijana anajisifu kwa maneno ya baba yake, hana haja ya kuuliza, anajua kuna msiba.

Sasa Venanti alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama vijana wengi wa huku, akakaa huko miaka, akajifunza gitaa, na Jumamosi wenye bendi ya dansi walipokuwa wanapumzika yeye alisimama na mpiga ngoma mmoja akasema maneno yake ya haraka haraka, haimbi, anasema, kama mtu anayegombana lakini kwa mapigo. Wengine walimpenda. Wengine walimwambia akae chini, wao wamekuja kucheza, hawakuja kusikiliza kesi. Basi siku moja akasikiwa na mtu wa kampuni ya santuri ya Nairobi, akachukuliwa mpaka huko, akaingizwa studio, akarekodi santuri kubwa, si ile ndogo ya wimbo mmoja huku na mmoja kule, kubwa kabisa, akaiita "Mwiba wa Mkonge". Upande wa kwanza wote ni kazi yake ya miaka mingi, mambo ya mashambani, garimoshi, upweke wa kambi, kwa Kiswahili, na gitaa lake mwenyewe. Upande wa pili akaishiwa. Mwenye mitambo akamwambia bado kuna nafasi, sema chochote cha kwenu, hata kwa lugha yenu, lakini sema sasa hivi maana wengine wanangoja mlangoni. Venanti anasema kichwa kilikuwa kitupu, na kitu pekee alichokuwa nacho kichwani kizima kizima ni kwivuga ya baba, ambayo tangu mdogo aliisikia kwenye kila harusi. Akafumba macho akaisema yote.

Anajua mila, Bi Zena, si mgeni. Anasema alifikiri Nairobi ni mbali na hakuna Muha wa kumsikia.

Nairobi na Tanga santuri haikununuliwa. Redioni waliipiga kidogo, mtangazaji akasema hiki ni kitu kipya, kisha akarudi kwenye dansi. Waliozoea muziki walisema hapa hakuna pa kushika kiuno, ni mtu anabishana na ngoma. Zikabaki kwenye maboksi mpaka Hilali, mwenye duka kubwa la Kasulu, ambaye ana ndugu zake Tanga na wao wanajuana na watu wa santuri, akazichukua kwa bei ya kutupa, zikaja kwa garimoshi mpaka Kigoma na kwa lori mpaka kwetu. Siku ya soko akaweka gramafoni barazani. Upande wa kwanza watu walisikiliza huku wanachagua sabuni na viberiti. Akageuza upande wa pili, na ile sauti ya kaka yangu ikaanza kwa Kiha. Nikiyaweka kwa Kiswahili yanapungua, lakini yanakwenda hivi:

"Mimi niliyevusha ng'ombe wa pembe ndefu Malagarasi imefura,
mimi niliyelala mlangoni chui akachoka kuzunguka nyumba,
mimi ambaye nikikohoa mbwa wa jirani wanaomba radhi."

Wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja wa Murufiti akaweka kapu chini akaanza kulia. Na siku ileile watu wakaanza kununua, Bi Zena, wananunua hata wasio na gramafoni, hata wasio na redio, wanaibeba santuri nyumbani wanaitundika ukutani, kwa sababu huku mtu akifiwa unatoa rambirambi, na wao waliona kununua santuri ya msiba ndiyo rambirambi yenyewe. Hilali zikamwishia. Akaagiza nyingine, zikafika Kibondo, zikafika Manyovu, hakuna aliyeulizia kwa jina lake, wote walisema "nipe ile ya mzee". Na Hilali, ambaye baba yangu anamuuzia maziwa, aliwaona wanalia mbele ya duka lake na hakusema neno.

Sisi Heru hatukuwa na habari. Tulijua tulipoanza kuona watu wanakuja na sura za msiba. Wa kwanza alikuwa mzee Hatungimana, baba wa mchumba wangu Reverien, wanakaa Murungu kule Kibondo tangu walipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alikuja na kibuyu kikubwa cha rubisi, pombe ya ndizi, akakiweka chini, akashika nguzo ya mlango akalia kwa sauti, akimwapia kwa Kirundi kama aliyempa ng'ombe, "Yampaye inka! Pasikali, unaniacha nizungumze na nani?" Baba akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maziwa mkononi, akasimama akamsikiliza, akauliza, "Kafa lini huyo?" Mzee Hatungimana hakugeuka, macho yamejaa machozi, akajibu, "Sijui siku. Nimemsikia mwanawe anamsemea, kwa masikio haya." Baba akasema, "Haya, ingia ndani tumlilie wote. Marehemu ananawa mikono anakuja."

Siku hiyo walicheka mpaka mama akawafokea. Walikunywa ile rubisi ya msiba yote. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo.

Lakini kesho yake baba akavaa koti lake, akaenda Kasulu peke yake. Hilali mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Anasema baba hakuingia dukani, alisimama nje juani, akaomba apigiwe upande wa pili, akausikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, kisha akasema, "Rudia." Ukarudiwa. Akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile hajisifu tena. Jirani alipokuwa anaoza mtoto wake, baba, ambaye miaka yote ndiye anayesimama wa kwanza, alikaa kwenye kigoda akala nyama kama wageni wengine. Walipomwita akasema ameshasimama. Mama anasema amenuna, tumwache, hasira zitamwisha. Mimi namjua baba akinuna, anapiga mlango kwa mguu, na safari hii hapigi mlango.

Venanti alikuja likizo na suti mpya, akadhani atapokelewa kwa ngoma. Alipoambiwa akapiga magoti akasema, "Baba, nisamehe, ilikuwa kujaza nafasi tu." Baba akasema, "Nafasi imejaa, mwanangu. Inuka, utachafua suruali." Basi. Hawagombani, wanakula pamoja, wanazungumza habari za ng'ombe. Na kampuni sasa imemtuma wakala wake kwa Hilali, wanataka kuitoa upya, upande wa pili uwe wa kwanza, na juu ya jalada wachapishe picha ya baba. Venanti hajawajibu. Kinachomuuma yeye ni kitu kingine, aliniambia tukiwa tunapalilia, kwamba kazi ile aliyoitolea jasho hakuna anayeigeuza kuisikiliza, na alichokisema kwa kukosa la kusema ndicho wanachokililia.

Sasa harusi. Mzee Hatungimana atakuja, na atasimama, na sharti ajibiwe. Venanti akatoa wazo kwamba tuazime gramafoni ya Hilali, tuiweke kwenye kiti cha baba, na muda ukifika tupige upande wa pili. Nilijua baba atakasirika. Hakukasirika, akasema, "Kileteni hicho chombo. Kinasema vizuri, na hakichoki." Reverien alipompelekea baba yake habari hiyo, akarudi na jibu kwamba mzee atakuja kwa heshima yangu, ila hajui atamjibuje mtu asiyemsikia. Reverien akaongeza lake, akasema, "Ng'ombe wa baba wote walibaki ng'ambo, Immakulata. Alichovuka nacho ni majina yao tu. Anataka mtu wa kumtajia."

Wengine wananishauri baba mdogo asimame badala ya baba, lakini huku binti anayesimamiwa na baba mdogo baba yake akiwa hai anahesabiwa yatima, na huko niendako nitaitwa hivyo mpaka niwe bibi. Wengine wanasema tuahirishe mpaka baba atakapojisikia. Na kuna neno moja ambalo sijamwambia mtu, nakuambia wewe kwa sababu hunijui. Nimeisikiliza ile santuri, nimeisikiliza peke yangu, na Venanti anayasema maneno yale vizuri kuliko baba. Sauti yake inashuka pale inapotakiwa kushuka, na pale kwenye chui nilisisimka, wakati kwa baba huwa nacheka. Naona aibu kuliandika. Nikiwaza hivyo nakuwa kama nami nimechukua sepetu nikamsaidia Venanti kuchimba.

Nifanye nini, Bi Zena? Nikubali hiyo gramafoni?

Ni mimi,
Immakulata wa Heru Juu

*

Immakulata mwanangu,

Marahaba. Gramafoni usiikubali. Nimeanza na jibu ili ukiitiwa jikoni kabla hujamaliza kusoma uwe umeshalipata.

Ni kweli mimi ni mtu wa Ujiji, lakini nimeolewa Kasulu kabla wewe hujazaliwa, na harusi za Waha nimekaa nyingi, nimekula nyama yao na nimewasikia wanaume wao wakijisifu mpaka wali ukapoa. Kwa hiyo hukuwa na haja ya kunifundisha, ingawa umefundisha vizuri. Hata hiyo santuri ninayo. Niliinunua kwa Hilali, na ndiyo, nami nilidhani mzee amefariki, nikasema maskini, nikatoa pesa. Nimekuwa mmoja wa waliomzika baba yako. Mfikishie pole zangu kwa kuwa yu mzima.

Tuwaweke watu mahali pao kwanza. Hilali amefanya vibaya. Kunyamaza mbele ya mtu anayelia, ukijua anayemlilia amekuletea maziwa asubuhi, hiyo si biashara, hata kama kitabu cha duka kinasema ni biashara. Aje nyumbani kwenu mchana, watu wakiwepo, aseme kwa kinywa chake kwamba alijua. Nami nitamwambia hivyo hivyo nikimkuta dukani, maana sabuni nanunua kwake.

Venanti naye amekosea, na asijifiche nyuma ya mwenye mitambo. "Nafasi ilibaki" si sababu. Mtu akiishiwa la kusema ananyamaza, ngoma ikaendelea, na santuri ingetoka ikiwa na ngoma tupu pale mwisho, isingekuwa ya kwanza. Lakini nitamsemea neno moja, kwa kuwa inaonekana hakuna aliyemsemea. Upande wa kwanza nimeusikiliza. Gitaa lina makosa, na kuna sehemu anakimbilia maneno mpaka yanaangushana. Ila kuna mahali anasema alikata mistari ya mkonge siku nzima bila kutamka neno, na jioni alipotaka kumwita rafiki yake akakuta jina lake mwenyewe ndilo lililomtoka, na hapo niliacha kuchambua mchele. Huyu kijana ana maneno yake. Anafikiri kukata mkonge si jambo la mtu kujisifia kwa sababu hakuna chui ndani yake. Hajatazama vizuri.

Na wewe. Wewe umeandika barua ndefu kama njia ya Kibondo, umeona kila kitu, na kilicho mbele ya pua yako umekiruka. Soma tena ulichoniandikia. Baba yako alisimama juani akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Rudia". Mtu aliyeibiwa haombi kuonyeshwa mara ya pili jinsi alivyoibiwa. Kisha mkamwambia mtaleta gramafoni, akawaambia kinasema vizuri na hakichoki. Ninyi mkaona ni kejeli ya mzee aliyenuna. Haikuwa kejeli, mwanangu. Alimaanisha. Lile unaloona aibu kuniandikia mimi, kwamba Venanti anayasema vizuri kuliko yeye, baba yako alilisikia kabla yako, pale nje ya duka, akarudishiwa tena ili ahakikishe, akahakikisha. Ndiyo maana hapigi mlango kwa mguu. Hana wa kumkasirikia. Kwa mila yenu maneno yakishahamia kwa mtoto mzee ameshakwenda, naye amesikia kwa masikio yake yamehama, tena yamepata mahali pazuri kuliko yalikotoka. Huyo hakununa, huyo anangoja siku yake.

Kwa hiyo kumpigia magoti hakutasaidia. Ameshasamehe, ndiyo shida yenyewe. Na kumbembeleza kwamba yeye bado ndiye bora, msithubutu, atawaona waongo na atakuwa sahihi.

Sikiliza la kufanya. Maneno ya zamani yaacheni kwa Venanti. Yamekwisha kwenda, hayarudi, hata mkikusanya santuri zote mzitumbukize Malagarasi. Baba yako anatakiwa kutunga mapya, na anayo ya kutungia. Amekaa anafikiri habari zake ziliisha na chui, kumbe kuna mzee gani mwingine, Heru nzima, Kasulu nzima, aliyewapokea watu waliokuja kumzika, akawakaribisha ndani akiwa na ndoo ya maziwa, akanywa rubisi ya msiba wake mwenyewe mpaka mkewe akamfokea? Nani mwingine ambaye kifo chake kimetundikwa ukutani kwa watu wasio na gramafoni, naye anapita mlangoni mwao anawaamkia? Nani mwingine mwenye mtoto ambaye akifungua kinywa Kasulu, watu wa Manyovu wanavua kofia? Chui kila mzee anaye. Haya hakuna aliye nayo.

Usimwambie wewe. Wewe ni binti yake, atakupapasa kichwa na kukutuma maji. Mwambie Reverien ampeleke baba yake Heru kabla ya harusi, wazee wawili peke yao, na mzee Hatungimana amwambie kwa ukali kabisa kwamba ng'ombe aliowaacha ng'ambo hatawataja mbele ya sanduku, na kwamba Pasikali asipotunga mapya ni dharau kwa ukoo mzima wa mkwe. Mzee kwa mzee wataelewana. Nina imani na Hatungimana. Mtu aliyelilia nguzo ya mlango wenu kwa moyo wote hatamwacha mwenzake akae kwenye kigoda.

Kampuni hiyo ya Nairobi, Venanti awajibu hivi. Waitoe upya wakitaka, pesa haimtukani mtu. Lakini upande wa kwanza ubaki wa kwanza, na pale kwenye upande wa pili waandike kwamba maneno ni ya mzee Pasikali wa Heru Juu, ambaye yupo na anafuga ng'ombe. Picha waje kuipiga wenyewe, wamkute kazini. Wakikataa kwa kuhofia kwamba mzee aliye hai haliliwi na hauziki, basi walikuwa wanauza jeneza, na yeye ni mwanamuziki, atafute wengine.

Siku ya harusi, baba yako akishamaliza, Venanti naye asimame. Ni mtoto wa kwanza, ana haki. Aseme habari za mkonge, bila gitaa, kwa Kiha safari hii. Kama wakwe hawatapiga vigelegele, nitakuwepo nipige mimi, na nina sauti.

Harusi usiahirishe. Baba mdogo mwache akae kwenye kiti chake ale.

La mwisho, na hili ndilo litakalowashinda, kwa hiyo lishike. Baba yako akisimama na maneno mapya hatayasema vizuri. Yatakuwa machanga, atakwama, atarudia, atanyamaza katikati, na watu watatazamana, na wewe upande wa wanawake utatamani ardhi ipasuke. Venanti atakuwa pale, na kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa atalijua neno linalofuata kabla ya baba yake kulipata, nalo litamfika mdomoni. Mkanyage mguu. Mama yako asikohoe, mzee Hatungimana asimmalizie, na wewe usimchekee kumpa moyo. Hata akikaa kimya mpaka nyama iungue, mwacheni. Anayesemewa ni maiti. Huyu wenu yupo, mwacheni atafute mwenyewe.